Okapi wa Beni na Mungu Mwumbaji

Somo kwa wakatekumeni juu ya neno la kwanza la Nasadiki

Usiku wa Pasaka, kabla ya kumwagiwa maji ya ubatizo, mkatekumeni huulizwa mbele ya Wakristu wote kama anamsadiki Mungu Baba Mwenyezi, Mwumba wa mbingu na dunia. Naye hujibu: Nasadiki. Neno hilo ni fupi, bali ni zito kama jiwe la msingi. Asiyejua maana yake asiliseme kama kasuku. Na mwenye shaka asiifiche shaka yake moyoni, bali aitafutie nuru kungali mapema. Somo hili lahusu shaka moja iwapatayo vijana wengi, hasa wale wanaofuata mafundisho ya dini na masomo ya shule pamoja.

Kijana aliyeogopa kusema uongo

Mfano ni huu. Katika kijiji kimoja kando ya barabara iendayo kutoka Butembo hadi Beni, kijana mmoja alikuwa akijiandaa kubatizwa. Alikwisha kufuata mafundisho muda mrefu, na Pasaka ilikuwa karibu. Asubuhi alikwenda shule. Siku moja mwalimu wa elimu ya viumbe akafundisha habari za okapi, akasema ya kuwa okapi na twiga ni ndugu, waliotoka katika mnyama mmoja aliyeishi zamani sana.

Jioni, njiani, mwenzake mmoja akamcheka: «Kama ni hivyo, huyo Nyamuhanga wenu hakuumba kitu. Wanyama walijifanya wenyewe.» Mwenzake mwingine, mtu wa kusali sana, akamwonya: «Mwalimu amekudanganya. Mungu alimfanya okapi kwa siku moja, kama fundi afanyavyo kiti. Ukiyakubali maneno ya shule, usiende kubatizwa.»

Usiku ule kijana hakupata usingizi. Hakuogopa kuchekwa. Aliogopa kusimama mbele ya kisima cha ubatizo na kusema Nasadiki, hali moyo wake hausadiki. Uongo mahali pale, aliwaza, ni uongo mbele ya Mungu mwenyewe. Hofu yake ilikuwa njema. Lakini kabla ya kuamua neno, yafaa kumtazama kwanza huyo okapi aliyeleta ugomvi.

Mnyama wa nchi ya Beni

Okapi ni mnyama wa Kongo peke yake. Porini hapatikani katika nchi nyingine yoyote duniani. Hukaa katika misitu minene, hasa ile ya Ituri. Amekutwa hata upande wa kaskazini wa mbuga ya Virunga, katika nchi ya Beni, ambako mwaka 2008 alipigwa picha na mitambo iliyowekwa msituni. Kimo chake mabegani ni kama mita moja na nusu. Mwili wake ni wa rangi ya hudhurungi iliyokolea, na miguu yake na mapaja yana mistari myeupe kama ya punda milia. Ulimi wake ni mrefu hata aweza kulamba masikio yake mwenyewe.

Wambuti na watu wengine wa msitu walimjua tangu zamani. Wataalamu wa Ulaya hawakumjua mpaka mwaka 1901, nayo habari yake ilipitia Beni. Mwingereza mmoja, Harry Johnston, aliyetumwa na serikali yake kuangalia mambo ya Uganda, alifika katika ngome iliyoitwa Fort Mbeni, karibu na mto Semliki. Huko akapata vipande vya ngozi ya okapi vilivyokatwa kuwa mikanda. Alipoiona mistari yake, akadhani kwamba mnyama huyu ni aina ya punda milia. Wambuti wakamwonyesha nyayo zake: kwato iliyopasuka katikati, kama ya ng'ombe. Johnston hakuwasadiki, kwa maana punda hana kwato ya namna hiyo. Vipande vile vilipofika London, mnyama akapewa jina la jamii ya farasi na punda.

Baadaye Karl Eriksson, Mswidi aliyeisimamia ngome ya Mbeni, akapeleka ngozi nzima na mafuvu mawili. Hapo ikaonekana kwamba Wambuti walisema kweli. Okapi si punda hata kidogo. Mwaka ule ule wa 1901 akapewa jina jipya, Okapia, akahesabiwa katika jamii ya twiga.

Mtu anayetaka kuijua kazi ya Mungu aiangalie nyayo kama ilivyo, si kama anavyotaka iwe. Johnston alikuwa na elimu nyingi, lakini siku ile aliifuata fikira yake akaiacha nyayo iliyokuwa mbele ya macho yake.

Elimu yasema nini

Wataalamu hawakumwita okapi ndugu ya twiga kwa kubahatisha. Wote wawili wana pembe fupi zilizofunikwa na ngozi, ingawa okapi jike hana. Wote wawili wana ulimi mrefu wa kuvutia majani, na meno yao yafanana. Shingo ya twiga ni ndefu kupita za wanyama wote, walakini ina mifupa saba tu, sawa na shingo fupi ya okapi, na sawa na shingo ya mtu.

Mwaka 2016 mtaalamu Morris Agaba wa Chuo cha Nelson Mandela kilichoko Arusha, Tanzania, pamoja na wenzake wa Marekani na kwingineko, walitangaza kwamba wameusoma urithi wote wa okapi na wa twiga, yaani zile jeni ambazo mzazi humpa mtoto. Walipozilinganisha, wakakadiria kwamba mnyama ambaye ni babu wa wote wawili aliishi yapata miaka milioni 11 na nusu iliyopita. Wakaona pia jeni kama 70 zenye dalili za kubadilika katika ukoo wa twiga. Baadhi yake zahusu kukua kwa mifupa na nguvu za moyo, kwa kuwa moyo wa twiga hauna budi kuisukuma damu mpaka juu kabisa.

Kuna na jambo jingine la ajabu. Katika mwili wa twiga, wa okapi na wa mtu pia, kuna mshipa wa fahamu unaotoka kichwani kwenda kwenye koo la sauti. Safari hiyo ingeweza kuwa fupi. Lakini mshipa huo hushuka kwanza hadi kifuani, huzunguka mshipa mkubwa wa damu karibu na moyo, ndipo hupanda tena hadi kooni. Kwa twiga, mzunguko huo ni wa mita kadhaa. Kwa nini? Msomaji afikiri juu ya njia ya kijijini ipindayo mahali ambapo hapana kitu. Wazee husema: «Zamani palikuwa na mti mkubwa hapa.» Mti umeanguka, lakini njia yapinda mpaka leo. Hivyo mshipa huu wasimulia habari za zamani, wakati mababu wa wanyama hao hawakuwa na shingo ndefu.

Basi, mwalimu wa shule hakumdanganya kijana. Alimfundisha yale ambayo wataalamu wameyasoma katika viumbe wenyewe.

Babu na maharagwe

Asubuhi yake kijana alikwenda kwa babu yake. Mzee huyo alibatizwa zamani. Hakusoma sana, lakini alilima na kusali. Kijana alimkuta uani akichambua maharagwe.

«Babu, nimekuja na neno linalonisumbua.»

«Keti, mjukuu wangu, useme.»

Kijana alipokwisha kueleza yote, mzee alishika konzi ya maharagwe, akamwuliza: «Haya, ni nani aliyetupa?»

«Ni Mungu, babu. Kila jioni twamshukuru kabla ya kula.»

«Na ni nani aliyelima?»

«Ni wewe na bibi.»

«Basi, Mungu alilima mistari mingapi, nasi mistari mingapi?»

Kijana akacheka. «Hapana, babu. Shamba lote mmelilima ninyi.»

«Na mbegu, na mvua, na udongo, havikufanya kazi yake?»

«Vilifanya.»

«Kumbe kazi yote imefanywa na jembe, na mbegu, na mvua. Tuache basi kumshukuru Mungu?»

Kijana akanyamaza. Mzee akaendelea: «Mjukuu wangu, sisi tulilima shamba lote, naye Mungu ametupa maharagwe yote. Uhai wa mbegu ni wake, mvua ni yake, na nguvu za mikono hii ni zake. Hakuna mpaka uliochimbwa shambani, kwamba upande huu ni wangu na upande ule ni wake.»

Hapo kijana alianza kuona. Wale wenzake wawili, yule aliyecheka na yule aliyeonya, waligombana, kumbe walikosea kosa lile lile. Wote wawili walidhani kwamba Mungu na nguvu za viumbe ni kama vibarua wawili wanaogombania kazi moja: akifanya huyu, yule hakufanya. Mmoja alisema kazi ni ya viumbe, basi Mungu hayupo. Mwingine alisema kazi ni ya Mungu, basi viumbe havikufanya kitu. Wala hakuna aliyeuliza: ni nani aliyewapa viumbe hao kuwapo, na uwezo wa kufanya kazi?

Eklezya yafundisha nini

Eklezya yafundisha kwamba Mungu ndiye chanzo cha kwanza cha vitu vyote, na viumbe ni vyanzo vya pili. Chanzo cha kwanza hakishindani na chanzo cha pili, bali hukipa kuwapo na kutenda. Moto waunguza kweli, mbegu yaota kweli, mzazi huzaa mtoto kweli. Na yote hayo yamo mkononi mwa Mungu kila dakika. Akiviacha viumbe, havibaki kama nyumba ibakivyo fundi akienda zake, bali vyatoweka kama sauti itowekavyo mwimbaji akinyamaza.

Mtakatifu Toma wa Akwino, mwalimu mkuu wa Eklezya aliyekufa mwaka 1274, alieleza jambo hili kwa mfano wa mjenzi wa chombo cha majini. Mfano huo waeleweka vema kwa wavuvi wa Kyavinyonge, kwenye ziwa Edward. Fundi wa mtumbwi huchonga ubao kwa nje, kwa shoka na tezo. Ubao wenyewe haujui neno. Lakini lau fundi angeweza kuupa ubao nguvu ya ndani, hata ubao wenyewe ujipange uwe mtumbwi, je, fundi huyo angekuwa mdogo? La, angekuwa mkubwa kupita mafundi wote. Ndivyo Toma alivyofundisha juu ya viumbe: Mungu ametia ndani yake nguvu ya kuelekea mwisho wake. Basi mtu akisema kwamba ukoo wa okapi na wa twiga ulijengeka polepole, kwa miaka milioni nyingi, kwa nguvu zilizomo ndani ya viumbe, hampunguzii Mwumbaji utukufu.

Je, akili ya mtu yaweza kumjua Mwumbaji kwa kuviangalia viumbe? Ndiyo. Kitabu cha Hekima, katika sura ya 13, na Mtakatifu Paulo katika barua yake kwa Waroma, sura ya kwanza, wafundisha hivyo. Nao Mtaguso wa kwanza wa Vatikano ulilithibitisha jambo hilo mwaka 1870. Hata kabla mapadri Waasumsio hawajafika nchi hii mwaka 1929, wazee Wanande walimtaja Nyamuhanga, na jina hilo latokana na tendo la kuumba. Hawakumjua Yesu Kristu bado, lakini akili zao ziliona kwamba dunia haikujileta yenyewe.

Na juu ya asili ya mwili wa viumbe hai? Mwaka 1950 Papa Pio XII, katika waraka wake Humani Generis, aliruhusu wenye elimu kuchunguza kama mwili wa mtu watoka katika viumbe hai vilivyotangulia, wakishika neno hili: kwamba roho ya kila mtu yaumbwa na Mungu mwenyewe bila kupitia kwa kiumbe. Tarehe 22 Oktoba 1996 Papa Yohane Paulo II aliwaandikia wataalamu wa Chuo cha Sayansi cha Vatikano, akakubali kwamba fundisho la kugeuka kwa viumbe si dhana tu tena, kwa sababu uchunguzi mwingi umelitilia nguvu. Naye pia alikaza kwamba roho haitoki katika udongo wala katika mwili. Kwa hiyo mtu si mnyama mwenye akili zaidi tu. Yeye aitwa na Mungu kwa jina lake, naye atajibu juu ya matendo yake.

Sura za kwanza za kitabu cha Mwanzo hazikuandikwa ili kufundisha hesabu ya mifupa au miaka ya miamba. Zafundisha mambo yaliyo makubwa zaidi: kwamba Mungu ni mmoja, kwamba ameumba vyote kwa hiari yake, kwamba vyote aliviumba vyema, na kwamba mtu ameumbwa kwa mfano wake.

Wale wanaomtafuta Mungu katika mapengo

Liko fundisho moja lililotoka Marekani, nalo limesikika mahali pengi. Laitwa fundisho la Mpango wa Akili. Mizizi yake ni ya zamani. Mwaka 1802 Mwingereza William Paley aliandika kwamba mtu akiokota saa njiani hatasema imejitengeneza. Na mwili wa kiumbe wapita saa kwa ufundi. Mwaka 1996 Michael Behe, mtaalamu wa Marekani, aliandika kwamba ndani ya chembe za uhai mna mitambo midogo, kama ule mkia unaozunguka wa bakteria, ambayo ikipungukiwa na kiungo kimoja haifanyi kazi. Basi, asema, haikuweza kujengeka polepole, bali yaonyesha mpango wa mwenye akili.

Katika mji mdogo wa Dover, katika jimbo la Pennsylvania, wakuu wa shule waliamuru mwaka 2004 kwamba wanafunzi waambiwe habari za fundisho hilo katika somo la viumbe. Wazazi wengine wakashtaki. Tarehe 20 Desemba 2005 jaji John Jones aliamua kwamba fundisho la Mpango wa Akili si sayansi, na kwamba halina mahali katika somo la sayansi la shule za serikali. Katika baraza hilo la hukumu, Behe alitoa ushahidi wa kulitetea fundisho hilo. Mtaalamu mwingine, Kenneth Miller, alitoa ushahidi wa kulipinga. Nao wote wawili ni Wakatoliki. Wote wawili husali Nasadiki ile ile. Hivyo yaonekana wazi kwamba imani katika Mungu Mwumbaji ni jambo moja, na fundisho la Mpango wa Akili ni jambo jingine. Mkristu hafungwi na fundisho hilo. Wala mtu akilikataa, hajamkataa Mwumbaji.

Tena mna hatari ndani yake. Mtu anayesema, «Hapa wataalamu hawajui, basi hapa ndipo kazi ya Mungu ilipo,» amemjengea Mungu kibanda katika pengo la ujinga. Kesho wataalamu wakilijaza pengo lile, imani ya mtu huyo yabaki bila makao. Kila jambo jipya la elimu lamwogopesha kama mwizi. Mkristu wa kweli haogopi. Mungu wake hakai katika yale yasiyojulikana tu. Ni Bwana wa yale yanayojulikana pia.

Padri Georges Lemaître wa Ubelgiji alilijua sana jambo hili. Mwaka 1931 ndiye aliyetangaza kwamba ulimwengu wote ulianza katika kitu kimoja kidogo, ukatanuka. Watu wengine wakafurahi, wakisema: «Padri ameona kwa hesabu siku ile Mungu aliyoumba.» Yeye mwenyewe hakutaka hesabu zake zitumiwe hivyo. Alikaza kwamba elimu yake ya nyota haigusi maswali ya dini. Alifanya hesabu kama mtaalamu, akasoma misa kama padri, wala hakuitumia moja ili kuitegemeza nyingine.

Mwaka wa Ebola

Mtu asidhani kwamba haya ni maneno ya wasomi tu. Watu wa Beni na Butembo waliyaonja kwa machozi. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba maradhi ya Ebola yameingia Kivu ya Kaskazini, kuanzia Mangina, karibu na Beni. Yalienea hata Butembo na Katwa, nayo hayakutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 walihesabiwa kuugua, na 2,287 walikufa.

Katika siku zile kulikuwa na waliosema: «Mungu akitaka kuponya ataponya, asiyesadiki ndiye akimbiliaye chanjo.» Huyo naye alidhani kwamba dawa ni ya watu, na uponyaji ni wa Mungu, na kwamba mtu hana budi kuchagua kati ya hivyo viwili. Lilikuwa kosa lile lile la njiani, lakini safari hii gharama yake ilikuwa uhai wa watu. Watu zaidi ya laki tatu walipokea chanjo. Na mojawapo ya dawa zilizoonekana kuwa na nguvu zaidi ilitoka katika damu ya mtu aliyepona Ebola huko Kikwit mwaka 1995, kwa kazi ambayo Profesa Muyembe wa Kongo alishiriki.

Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, chafundisha kwamba mganga apewe heshima yake, na kwamba dawa zatoka ardhini kwa mapenzi ya Bwana. Mgonjwa asali, kisha ampe mganga nafasi. Mama aliyekuwa akisali rozari huku akimpeleka mtoto kuchanjwa hakumtukana Mungu. Alimwelewa kama babu alivyoelewa shamba la maharagwe.

Na viumbe viletavyo maumivu?

Hapa mkatekumeni mwenye akili atauliza: «Kama Mungu ni Mwumbaji wa vyote, je, virusi vya Ebola navyo?» Swali hili ni gumu, wala halifai kupuuzwa mbele ya watu waliozika wapenzi wao. Mtu adhaniye kwamba Mungu alichonga kila kiungo kidogo kwa mkono wake, kama fundi wa saa, atalazimika kusema kwamba virusi navyo vilichongwa ili viue. Eklezya haisemi hivyo. Katekisimu ya Eklezya Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kwamba Mungu aliuumba ulimwengu ukiwa safarini, haujafikia ukamilifu wake. Katika safari hiyo kimoja hujengeka na kingine hubomoka. Na uovu wa watu, kama mauaji yaliyowapata wanavijiji wa Beni tangu mwaka 2014, watoka katika dhambi, yaani katika hiari iliyopotoka. Si mpango wa Mungu.

Hata hivyo maneno hayo hayakaushi machozi yote. Jibu la mwisho halipatikani katika kuchunguza viumbe. Lapatikana msalabani, ambapo Mwana wa Mungu mwenyewe aliteswa pamoja na viumbe vyake, na kaburini, ambapo alifufuka siku ya tatu. Viumbe vyaweza kutuambia kwamba yuko Mwumbaji. Kwamba Mwumbaji huyo ni Baba, hilo twalijua kwa Yesu Kristu.

Maswali ya kukumbuka

S. Je, okapi na twiga kuwa ndugu kwapinga imani katika Mungu Mwumbaji?
J. La. Mungu ndiye chanzo cha kwanza cha vyote. Viumbe hutenda kwa nguvu alizowapa.

S. Je, akili ya mtu yaweza kujua kwamba Mungu yuko?
J. Ndiyo, kwa kuviangalia viumbe. Lakini kwa kumjua kama Baba twahitaji ufunuo.

S. Je, Mkatoliki analazimika kufuata fundisho la Mpango wa Akili?
J. La. Alazimika kumsadiki Mungu, Mwumba wa mbingu na dunia.

S. Roho ya mtu yatoka wapi?
J. Yaumbwa na Mungu mwenyewe bila kupitia kwa kiumbe.

S. Je, kutumia dawa na chanjo ni kukosa imani?
J. La. Dawa, na akili za waganga, ni vipawa vya Mungu yule yule tunayemwomba.

Kijana yule alirudi shule, akaendelea na mafundisho pia. Usiku wa Pasaka ulipofika, alisimama mbele ya maji, akaulizwa, akajibu. Hakusema uongo. Babu yake alikuwa amesimama nyuma yake, mkono begani pake. Siku ya pili walikula maharagwe yale pamoja, wakashukuru.